Kifungu Nilichokataa Kusoma

Jumamosi, asubuhi. Mvua ya jana imeacha uwanja wetu mzima tope, na anga bado limenuna kama mtu ambaye hajamaliza ugomvi. Umeme hakuna. Simu ina chaji ya kutosha kuandika haya, basi naandika.

Mimi pia sijamaliza ugomvi.

Jana nilikataa kusoma kifungu kimoja mbele ya tume nzima. Nimeitazama sentensi hiyo kwa muda kabla ya kuendelea, nione inavyokaa. Inakaa vizuri. Inanitisha pia, lakini inakaa vizuri.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: nafanya kazi katika tume ndogo inayopanga viwango ambavyo bima ya afya ya umma italipa kwa safari za ambulensi hapa Lubumbashi. Ni kazi yangu ya kwanza tangu nitoke chuo kikuu cha Kasapa na shahada ya uchumi, na bado niko katika kipindi cha majaribio. Ukiitazama kwa mbali ni kazi ya kukausha macho. Mafuta, matairi, oksijeni, mshahara wa dereva, mshahara wa muuguzi, barabara ya lami, barabara ya udongo. Unajumlisha, unagawanya, unapata bei ya safari moja. Zamani nilidhani bei ni tarakimu tu. Sasa naona ni amri. Kile ulicholipia kitafanyika, na kile ulichokiacha nje ya hesabu mtu atakiacha kando ya barabara, na hataona haya, kwa sababu wewe ndiye uliyemwambia akiache.

Mimi ndiye mwandishi wa tume. Tuna desturi moja kwenye vikao vyetu: hakuna kifungu kinachopita kabla mwandishi hajakisoma kwa sauti, wote wakisikia. Nikimaliza, mwenyekiti anauliza kama kuna pingamizi, watu wanapiga makofi, kimepita. Kura hakuna. Ni makofi tu. Miezi yote hii nilijiona kama kipaza sauti, kitu ambacho mtu hakikumbuki mpaka kiharibike.

Jana kiliharibika.

Kifungu chenyewe ni kifupi. Kinasema mfuko wa bima utalipia mgonjwa na msindikizaji mmoja asiye na mzigo. Wasindikizaji wakizidi, au wakiwa na vyombo, safari itahesabiwa kuwa usafiri wa abiria na mfuko hautalipa chochote.

Asiye na mzigo! Nani kati yetu amewahi kwenda kulazwa bila mzigo?

Hospitali tunazokwenda watu wa kawaida hazipiki. Hazifui shuka. Ndiyo maana kila mgonjwa ana garde-malade wake, yule ndugu anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda, anayepika uani, anayefua, anayekimbia mjini na karatasi ya daktari kutafuta dawa. Mgonjwa akipanda ambulensi, garde-malade anapanda naye pamoja na godoro, ndoo, sufuria, unga wa bukari, ugali wetu, na mbabula, lile jiko letu la makaa. Hivyo ndivyo tunavyougua hapa. Katika rasimu ya kwanza nilikuwa nimeiweka nafasi hiyo ndani ya bei: watu wawili na vyombo vyao. Wiki hii rasimu ilirudi mezani kwangu nafasi ile imefutwa, na mahali pake kimekaa kifungu hiki, kilichonyofolewa, naapa, kutoka nchi ambayo mgonjwa analetewa supu kitandani.

Basi jana nikasoma. Kifungu cha mafuta, makofi. Kifungu cha oksijeni, makofi. Nikafika pale, nikafunga mdomo.

"Endelea, mademoiselle," akasema mwenyekiti.

"Hii sitasoma."

Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekataa sukari kwenye chai.

Mwenyekiti wetu ni mzee nadhifu wa mtaa wa Makomeno, mwenye subira ya mtu aliyezoea kusubiriwa. Akavua miwani yake taratibu. "Ma fille, ambulance haiko camion ya kuhamisha vyombo. Mugonjwa anapanda, muntu moya anamufwata, basi. Bengine batapanda taxi-bus."

Watu wakacheka. Aliyecheka kuliko wote ni Papa Ramazani, mwakilishi wa wenye ambulensi, mfanyabiashara ambaye familia yake ilitoka Maniema. Magari yake mawili ndiyo yanayobeba wagonjwa wa upande wetu. Nilikuwa nimemtegemea yeye kwa msaada. Msaada gani!

"Muniulize mi," akasema, mkono juu. "Kuko mama moya alipandisha mbabula, makala ingali na moto! Anaiweka chini ya kitanda ya mugonjwa! Kufika ku hospitali, plancher ya gari imetoboka. Namuuliza: Maman, hii ni ambulance ao ni four ya mukate?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Nilicheka hata mimi, ilichekesha kweli. Kisha nikamuuliza yule mama alifanya nini alipofika hospitalini.

"Aba! Alipika. Ule mugonjwa angekula nini, hewa?"

"Alipika na nini, Papa Ramazani?"

Akanitazama. "Na ile mbabula," akasema, polepole zaidi.

Nikawaambia hicho ndicho ninachotaka kiwe ndani ya bei. Sanduku la chuma nyuma kwa ajili ya mbabula, kamba za kufungia godoro, viti viwili. Papa Ramazani akaacha kucheka, akawa mfanyabiashara. "Bon. Mukilipa ile nafasi, mi nabeba hata mbuzi yabo. Musipolipa, nabashusha ku barabara. Mi niko na ambulance, siko na miskiti ya kutoa sadaka."

"Mmesikia," nikasema. "Atawashusha. Hafichi."

"Mfuko unalipia mugonjwa," akasema mwenyekiti. "Haulipie familia."

Hapo ndipo kitu kilipowaka ndani yangu. Nikamuuliza kila aliyekaa kwenye meza ile: ulipolazwa mara ya mwisho, nani alilala nawe? Walitazamana. Mmoja akasema mke wake. Mwingine akasema dada zake, kwa zamu. Mwenyekiti naye, nadhani kabla hajajizuia, akasema, "Mama ya batoto." Na alifikaje hospitalini, nikauliza, huyo mama wa watoto? Kwa jeep ya nyumbani, akajibu. Ndiyo. Basi garde-malade wenu hawajawahi kukosekana, nikasema. Ila wao na sufuria zao walipanda jeep, kwa hiyo hamkuwaona kwenye hesabu. Sisi tunaoishi lami inapoishia, jeep yetu ni hiyo ambulensi.

Hakuna aliyepiga makofi.

Mwenyekiti akachukua karatasi mbele yangu, akaisukuma kwa Benjamin, mhasibu wetu. Benjamin ana watoto wengi na woga mwingi. Siku zote anaongea kama anaomba radhi. Kila mtu alijua atasoma. Akaishika karatasi, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Président, pardon. Nimesahau lunettes."

"Benjamin. Hizi ku kichwa yako ni nini?"

Akaigusa miwani kichwani, kama anayeigundua. "Hizi ni za mbali, Président. Za karibu njo nilisahau."

Sitamsahau Benjamin.

Kikao kikaahirishwa hadi Jumatatu. Siku hiyo wenye ambulensi wote wa mji wamealikwa waje wasikie viwango vikisomwa, wapige makofi, na ikiisha hapo imeisha.

Mwenyekiti alinisubiri kwenye korido. Ningependa kumwandika kama mtu mbaya, ingenirahisishia, lakini hakuwa mbaya. Alishika koti lake mkononi, akaongea chini chini kama baba. "Mi pia nilisoma, mutoto yangu. Nilikuwa na moto sawa weye. Ile moto inapikaka nini? Hakuna. Jumatatu utasoma yote, na kazi nitakupatia ya kudumu. Ao tutatafuta muntu mwengine wa kusoma." Akanigusa bega, akaenda zake.

Basi ndivyo mambo yalivyo. Kifungu kikipita Jumatatu, kitakaa miaka. Nikikisoma, nabaki. Nisipokisoma, natoka, na mtu mwingine anakisoma vilevile. Nilijirudia hesabu hiyo njia nzima ya kurudi nyumbani, na kila mara ilinipa jibu moja: soma, Nadège, usiwe mjinga.

Kikaoni sikuwaambia habari ya mama. Niliogopa waseme namlilia mama yangu. Hapa nitaisema.

Ulikuwa wakati wa mvua kama sasa, hapa hapa mtaani kwetu Kasungami. Utumbo wa mama ulijisokota, tumbo likawa gumu kama meza, akawa hawezi hata kulia. Ambulensi iliishia kwenye shamba la mahindi la jirani kwa sababu ya tope, tukambeba hadi pale ndani ya blanketi. Nikaona Tantine Odile, mdogo wake mama, anakuja mbio, godoro kichwani, mbabula mkono mmoja, mkono mwingine ndoo iliyojaa sufuria. Jirani akauliza tunahamia wapi. Na mama, katika maumivu yale, akafungua jicho moja akasema, "Odile, usisahau munyu." Chumvi! Utumbo umejisokota, yeye anawaza chumvi.

Hospitalini daktari akatoa karatasi: glavu, uzi, seramu, dawa ya usingizi. Tantine akaondoka nayo mbio. Mara wakataka damu, na damu hutoa ndugu. Nikalala kwenye benchi, nikatoa. Niambieni sasa, mtu mmoja angefanya lipi? Angekimbilia uzi, au angenyoosha mkono wa damu? Mama alipasuliwa kabla giza halijaingia. Wiki zilizofuata Tantine alimpikia uji uani kwenye mbabula ile ile, akamgeuza ubavu huu na huu, akagombana na kila aliyetaka kumkalia mkeka wake. Mama yu hai kwa sababu daktari alikuwa hodari, na kwa sababu watu wawili na mzigo wao walipanda ambulensi.

Nilidhani nikimweleza mama, atanikumbatia.

Nilimkuta jana ameketi mlangoni anachambua sombe, majani ya muhogo. Nikamweleza yote. Akasikiliza bila kuinua kichwa.

"Banakufukuza?"

"Bado."

"Bado njo nini?"

"Mpaka Jumatatu."

Akaendelea kuchambua. Halafu akasema, "Kazi ya bureau. Unaitupa juu ya mbabula."

"Kwa ajili yako, mama. Kwa ajili ya Tantine Odile."

"Mi sikukutuma. Odile hakukutuma, Odile eko nauzisha makala yake ku soko, hata hajue kama unamugombania. Na ndugu yako? Masomo yake itajilipa?"

Akachukua majani yake akaingia ndani. Usiku kucha hakuniambia neno jingine, na katika nyumba ya vyumba viwili ukimya wa mtu unachukua nafasi kuliko vyombo vyake.

Leo asubuhi nimekaa na swali moja, na sitalikwepa. Je, nampigania mgonjwa, au nimeipenda ile dakika? Kwa sababu niliipenda. Nikubali. Wote walipogeuka kunitazama, mimi ambaye shuleni nilikuwa nakaa pembeni nikisoma, mimi ambaye nikiitwa jina naona aibu, nilihisi kwamba nina uzito. Ningeweza kukaa kimya vile hadi jioni. Kuna sehemu yangu ilikuwa imekisubiri kifungu kibovu kije, ipate pa kusimama.

Sawa. Niliipenda. Kwa hiyo?

Ingekuwa kifungu kizuri na mimi napinga ili nionekane, ningejitapika. Lakini kifungu ni kibovu hata kama mimi nina majivuno. Mwanamke atakayeshushwa barabarani na godoro lake hatauliza kama aliyemtetea alikuwa mnyenyekevu. Atatafuta taxi-bus, na ndani ya ambulensi mgonjwa wake atakuwa anafika hospitalini peke yake, na daktari atanyoosha karatasi ya dawa, na hakutakuwa na mkono wa kuipokea. Mfuko utalipa bei kamili kwa safari hiyo. Safi, bila mzigo, kwa mujibu wa kifungu.

Mimi safari hiyo sitailipia.

Na hofu? Ipo. Nimeona mama anavyoficha viatu vya ndugu yangu vilivyopasuka nisivione. Nimewaona wenzangu wa Kasapa, wenye shahada kama yangu, wanauza kadi za simu chini ya miavuli. Najua kazi haziokotwi. Lakini mwenyekiti alikosea kitu kimoja pale kwenye korido. Alidhani nina njia mbili, kusoma au kutosoma. Kutosoma nimekwisha kufanya, na hakukubadilisha neno hata moja pale kwenye karatasi. Kulileta siku mbili za nafasi tu. Nikikaa kimya tena Jumatatu, Benjamin hawezi kusahau miwani mara mbili.

Ipo njia ya tatu. Nitasoma.

Nitasoma kila kitu, kwa utaratibu, kama ninavyosoma siku zote. Mafuta, oksijeni, matairi. Nitakapofika pale nitasoma kifungu chao, kisha bila kuvuta pumzi nitasoma changu, na kuwaambia wote waliomo ukumbini kwamba viko viwili mezani na wanapaswa kuchagua. Mimi ndiye mwandishi. Desturi inasema kinachosomwa kwa sauti ndicho kinachojadiliwa. Haisemi nani ametunga. Wenye ambulensi watakuwepo wote, na Papa Ramazani hawezi kusikia neno "mtalipwa" akanyamaza, namjua sasa. Mwenyekiti anaweza kunifukuza baada ya kikao. Katikati ya kusoma hawezi, bila kuwaeleza watu wote wale anaogopa nini.

Huenda nikashindwa. Huenda makofi yakaenda upande wao, nami nikarudi Kasungami kabla ya saa sita bila kazi. Hilo pia nimelikubali, tangu jana, kabla sijajua nimelikubali.

Nimekitunga upya kifungu changu mara nyingi asubuhi hii. Mwanzo kilikuwa na maneno ya shule, "kwa kuzingatia", "ilhali". Nimeyafuta yote. Kimebaki hivi:

Safari ya ambulensi ni ya mgonjwa, ya watu wawili wanaomuuguza, na ya vyombo vyao. Mfuko unalipia yote kwa bei moja.

Nikasimama katikati ya chumba nijaribu kukisoma. Dirisha lilikuwa wazi. Nje mama alikuwa anafua, nasikia maji, nasikia nguo zinapigwa. Mara ya kwanza nilisoma mbio mno. Nikasoma tena. Mara ya tatu nikasikia maji yamenyamaza.

"Weye!" akaita kutoka nje, kwa sauti ile anayoitumia sokoni. "Usiseme babili. Sema batatu. Bo batapunguza."

Nilikaa kitandani nikacheka mpaka machozi. Miaka yote ile Kasapa, na hakuna profesa aliyenifundisha hivyo.

Halafu nikafuta "wawili", nikaandika "watatu", nikasimama tena.

"Na usome na nguvu," akasema mama. Maji yakaanza tena. "Bale ba nyuma habatasikia kitu."